Aliyeitikia "Wako!": Maisha ya Ulises Guante Berroa, 1958–2019

Ulises Guante Berroa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika kambi ya wakata miwa nje kidogo ya Consuelo, mkoa wa San Pedro de Macorís. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Silvano Guante na Mama Eneida Berroa.

Alisoma Consuelo hadi darasa la nane, mwaka 1972. Aliketi karibu na dirisha, na mwalimu wake alizoea kumuuliza, "Guante, unasoma au unadaka nzi?" Darasa zima lilicheka, maana guante kwa Kihispania ni glavu ya kudakia mpira.

Mwaka 1977 alisajiliwa kuwa mchezaji wa kulipwa wa besiboli. Alilinda katikati ya uwanja wa nyuma, mbali na wenzake, na aliipenda nafasi hiyo. "Unasimama kule saa tatu nzima, hakuna anayekukumbuka," alikuwa akisema. "Halafu mpira unapaa, na uwanja mzima unataka kujua wewe ni nani. Maisha nayo ni hivyo, ila huko huoni mpira ukipaa."

Kushoto kwake alicheza Porfirio Jerez, aliyeitwa Fío, mwana wa mjane Bienvenida. Ulises alipokwenda kumposa Altemira, dada yake Fío, binti huyo alimcheka: "Wewe? Hata kaka yangu hujamshinda mbio!"

"Nitamshinda nikikufuata wewe."

"Shemeji," Fío alipaza sauti kutoka jikoni, "hizo mbio anza kesho. Leo njoo ule."

Walifunga ndoa tarehe 19 Aprili 1980.

Jumapili tarehe 6 Desemba 1987, mpira ulipaa kati ya Ulises na Fío. Wachezaji wote wanaijua kanuni: anayeudaka mpira huita "Wangu!", mwenzake huitikia "Wako!" na kumpisha. Ulises alisikia "Wangu!" Akaitikia "Wako!" akasimama. Fío alikimbia macho yakiwa juu, akaugonga ukuta kwa kichwa.

"Mbona ulinipa?" Fío alimuuliza Ulises akiwa amelala pale chini. "Mimi sikuita." Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Wenzao nao walisema hawakusikia mtu akiita. Wengine walinong'ona kwamba Ulises aliuogopa ukuta, akaizua sauti. Hakuvaa glavu tena. Aliajiriwa katika kiwanda cha barafu hadi alipostaafu. Hakujitetea mbele ya mtu, lakini alimwambia Altemira kwamba anatamani, kabla hajafa, mtu mmoja tu aseme, "Hata mimi nilisikia."

Mwaka 2016 figo zake zilianza kushindwa kufanya kazi. Alhamisi tarehe 7 Machi mwaka huu, mama mkwe wake, Bienvenida, alikuja kumwona, akaketi kando ya kitanda.

"Mama, mimi sikumuua Fío."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa jukwaani. Hata mimi nilisikia."

"Kwa nini hukusema, mama? Miaka yote hii!"

"Si unajua kwetu? Sauti isiyo na mtu, ukikiri umeisikia, umeiitikia, nayo huja kuchukua mtu. Nilikuwa na watoto wengine nyumbani."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu. Miaka kumi na mitano kitandani mwangu, nitaisahau vipi? Tena hakuwa anaudai mpira. Alikuwa anamdai Fío."

Ulises alimshika mkono, akalia, kisha akalala usingizi mzito. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Machi, alasiri, nyumbani kwake, Altemira akiwa pembeni.

Ameacha mjane, Altemira, watoto wawili, Yudelka na Silvano, wajukuu watano, na mama mkwe, Bibi Bienvenida, ambaye ameruhusu maneno yake yasomwe leo ili jina la Ulises lisafike. Kwa kuwa sasa amekiri, familia inawaomba waombolezaji wasimwache peke yake hata kidogo. Na hapa makaburini, atakayesikia akiitwa asimwone anayemwita, tafadhali asiitike.

Mungu ampokee Ulises, ampe utulivu alioukosa.