Mita Kumi na Moja: Maisha ya Marehemu Hilary Pocknell, Msajili wa Shule ya Harstow (1949–2024)

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika leo katika Kanisa la Mtakatifu Botolph: mimi ni Duncan Pocknell, mtoto wa kwanza wa marehemu. Marehemu aliacha karatasi ya maagizo ya mazishi yake. Agizo la pili linasema, "Wasifu asome Duncan. Asinipambe." La kwanza nitalitaja baadaye. Basi sitampamba. Wengi wenu mnajua kwamba marehemu ndiye aliyeninyima nafasi katika shule aliyoitumikia miaka thelathini na mitano, kwa tofauti ya mita kumi na moja, na kwamba kinyongo hicho nimekibeba tangu nikiwa na miaka kumi na moja. Mchungaji amenishauri nisilitaje jambo hilo mazishini. Lakini ukiliruka, maisha ya mama yangu hayasimuliki.

Marehemu Hilary alizaliwa tarehe 3 Novemba 1949, nyumba namba 6, Tannery Row, hapa hapa Harstow. Alikuwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa marehemu Reginald Stubbings, mfanyakazi wa ishara za reli, na marehemu Edna, aliyekuwa mwoka mikate. Alizaliwa kabla ya siku zake, na mkunga alisema hatamaliza wiki. Bibi Edna akamwambia mkunga amtazame mikono: mtoto alikuwa amekunja ngumi zote mbili. Alimaliza wiki, akamaliza na miaka sabini na minne.

Alianza masomo mwaka 1954 katika shule ya msingi ya kanisa hili. Mwaka 1961 alifanya mtihani wa miaka kumi na moja, ambao siku zile uliwagawa watoto wa mji huu mafungu mawili kwa asubuhi moja. Waliofaulu walipanda kilimani kwenda Shule ya Harstow. Waliobaki walivuka reli kwenda ile nyingine. Desturi ilikuwa kwamba aliyefaulu hununuliwa baiskeli, na hivyo ndivyo majirani walivyojua matokeo ya nyumba ya pili bila kuuliza. Babu Reginald alikuwa ameshainunua, ya kijani, ameificha bandani. Hilary hakufaulu. Jumamosi ile baiskeli ilirudishwa dukani, na aliyeisukuma mtaa mzima, watu wakiangalia, alikuwa yeye, kwa sababu babu aliona haya. Alivuka reli kwa miguu miaka minne, akahitimu mwaka 1965 akiwa wa kwanza darasani kwa kupiga chapa.

Alifanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha brashi hadi tarehe 1 Septemba 1979, alipoajiriwa na shule ile ile ya kilimani iliyomkataa. Tulipomuuliza kwa nini huko, alisema, "Nilitaka kujua wanaficha nini." Mwaka 1988 akawa msajili, kazi aliyoishika hadi alipostaafu mwaka 2014.

Shule yenyewe mnaijua, ila nitaieleza kwa ajili ya wageni. Ilianzishwa mwaka 1911, ikichagua kila mtoto kwa mtihani. Mwaka 1975 mtihani ukafutwa, ikawa ya watoto wote. Mwaka 1992 bodi ya shule ikaurudisha mtihani nusu nusu. Kati ya nafasi mia moja na themanini za kila mwaka, sitini na tatu zilikwenda kwa mtihani, kumi na nane kwa kipaji cha muziki, na zilizobaki walipewa kwanza wadogo wa wanafunzi waliokuwepo, kisha waliokaa karibu na lango la shule. Watu wakimuuliza marehemu kama shule yake ni ya kuchagua au ya wote, alijibu, "Ni chai na maziwa. Ukishamimina, nani atavitenganisha?"

Kuna aliyetaka kutenganisha. Mwalimu Mkuu wa wakati ule, marehemu Bwana Prowse, aliagiza watoto wa mtihani wakae darasa lao, na kwenye daftari la mahudhurio waandikiwe herufi M mbele ya jina. Siku ya kwanza ya muhula akashuka ofisini na orodha mkononi.

"Bi. Pocknell, si nilisema watoto wa mtihani wawe darasa moja?"

"Nilisikia, mwalimu."

"Mbona wamo madarasa yote sita?"

"Nimepanga kwa alfabeti, mwalimu. Sasa alfabeti yenyewe haijui nani kafanya mtihani."

"Na zile herufi?"

"Wino wa taipureta uliisha."

Bwana Prowse alikuwa na adabu ya kutosha kutoukagua wino. Madarasa yamechanganywa hivyo hadi leo, na mtoto wa shule ile ukimuuliza mwenzake aliingia kwa njia gani, hajui. Marehemu aliijua njia ya kila mmoja kwa kichwa, na alikufa nayo.

Kazi iliyompa jina mjini ilikuwa uzi. Ukutani ofisini palikuwa na ramani kubwa ya mji, pini kwenye lango la shule, na uzi wa kijani wa kuvulia samaki. Kanuni ilisema umbali upimwe kwa mstari ulionyooka, kutoka lango la shule hadi mlango wa mbele wa nyumba ya mtoto. Alivuta uzi kwa kila nyumba, mara mbili, na hakukubali zawadi hata ya pakiti ya biskuti. Wazazi walihama, walipanga vyumba, walidanganya. Baba mmoja mwenye magari ya fahari alileta anwani ya chumba kilichoko juu ya duka la samaki na chipsi, hatua chache kutoka langoni. Marehemu akaenda kuwatembelea Jumamosi moja. Akakaribishwa, akakaa, akamgeukia mtoto.

"Mwanangu, hebu nionyeshe mswaki wako."

Mtoto akamtazama baba yake, kisha akasema, "Uko nyumbani."

Marehemu alimaliza chai yake kwanza, maana hakupenda kupoteza chai, ndipo akaaga.

Tarehe 8 Juni 1974 alikuwa amefunga ndoa katika kanisa hili na marehemu baba yetu, Derek Pocknell, seremala. Walihamia nyumba namba 27, Gasworks Lane, na humo wakasubiri mtoto miaka kumi na mmoja. Nilizaliwa mimi mwaka 1985, kisha Rosalind mwaka 1988. Nyumba ile, kama nyumba zote za mtaa wetu, ina milango miwili. Wa mbele ni wa mchungaji, wa polisi na wa jeneza. Komeo lake lilishika kutu na mbao zake zilivimba kwa mvua. Watu wenyewe, yaani sisi, majirani, muuza maziwa na paka, wote tulipita mlango wa jikoni.

Mwaka 1996 ukafika. Nilifanya mtihani, nikakosa alama tatu. Muziki sina, mtanisikia tukiimba. Nikabaki na uzi. Mama alijua matokeo tangu mwanzo wa Machi, akakaa nayo wiki mbili akinipikia, akinifulia sare, bila kufungua mdomo, kwa sababu kanuni ilisema wazazi wote wajue siku moja. Barua aliipiga chapa mwenyewe, akaitia sahihi, akaibandika stempu, akaipeleka posta pamoja na nyingine zote. Jumamosi tarehe 16 Machi ikadondoka kupitia tundu la mlango wetu wa mbele, yeye akiwa jikoni anachoma mkate. Ilisema mtoto wa mwisho kupata nafasi alikaa mita 1,412 kutoka langoni. Sisi tulikuwa mita 1,423.

Baba aliisoma kwa sauti. Kisha akachukua utepe wake wa kupimia, akapima nyumba kutoka mbele hadi nyuma. Mita kumi na mbili.

"Hilary, mlango wa jikoni uko mita 1,411. Mtoto kaingia."

"Kanuni inasema mlango wa mbele."

"Mlango wa mbele nani anaupita? Acha nitoe kibati cha namba nikipigilie kule nyuma. Kazi ya dakika tano."

"Ukikihamisha, na mimi nahama."

"Huyu ni mwanao."

"Na wale niliowaandikia barua kama hii, ni wana wa nani? Derek, sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

Baba alikuwa seremala, hakuacha neno hilo lipite. "Msumeno naujua mimi," akasema. "Huo wako unakata mbele tu."

Alikata rufaa, na marehemu alimpigia pasi shati la kwenda nalo. Siku ya kusikilizwa hakukanyaga ofisini, asije akaonekana hata kwenye ujia. Baba alisimama mbele ya watu watatu akieleza habari za mlango wa jikoni, akashindwa. Wiki iliyofuata mama aliiandikia bodi kwamba kanuni ya mlango ni ya kipuuzi, umbali upimwe hadi katikati ya nyumba. Bodi ilikubali, kuanzia mwaka uliofuata. Nilimuuliza kwa nini hakuandika mapema. Alisema, "Mapema ulikuwemo wewe." Na kwa kanuni hiyo mpya, nimepiga hesabu, ningekosa kwa mita tano.

Mimi nilivuka reli, kama yeye. Lakini tangu siku ile nilianza kupita mlango wa mbele. Kama huo ndio mlango, basi ndio mlango. Niliusukuma kwa bega, nikaupigiza. Nilidhani atanikaripia, hakunikaripia. Nilipokua nikaoa nikahamia kwangu, niliendelea. Kila Jumapili nilibonyeza kengele ya mbele, nikamsikia akija, akivuta komeo kwa mikono miwili, akifungua. Alisema, "Karibu, Duncan," akaniongoza hadi jikoni alikotoka. Miaka ishirini na saba. Watu walidhani ni utani wetu. Haukuwa utani, na sote wawili tulijua. Rosalind aliingia shule ile mwaka 1999 kwa tarumbeta, mama akiwa ametoka nje ya chumba wakati waamuzi wa muziki walipopiga kura, na naomba Rosalind asicheke huko nyuma.

Mimi nikawa fundi wa mitambo ya kupasha joto. Mwaka 2011 shule iliniita kutengeneza boila. Nikaingia kwa mara ya kwanza, kupitia mlango wa chini, na begi la spana. Saa nne marehemu alishuka na vikombe viwili vya chai. Tulikunywa tumesimama kando ya boila. Baba alikuwa amefariki majira ya kuchipua mwaka huo, na ramani ile bado ilikuwa ukutani ofisini kwa mama.

Marehemu alianza kuugua Oktoba 2023. Madaktari waligundua saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Aliuliza miezi mingapi, akaambiwa, akaiandika kwenye kalenda kwa penseli. Jumapili ya pili ya Novemba nilibonyeza kengele ya mbele, nikangoja. Nilimsikia akianza kuinuka, kisha nikasikia kiti kikilia, amerudi kukaa. Sikusubiri zaidi. Nilizunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa ameketi kando ya jiko, amejifunika blanketi la baba. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe njia unaijua," akasema.

Niliweka birika la chai motoni. Nililia hapo, nikiwa nimempa mgongo, naye alijua nalia, akaniacha. Tangu siku hiyo nimepita huko.

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa tisa alasiri, nyumbani, Rosalind akimshika mkono mmoja nami mwingine. Tulipoiachia mikono yake tuliona imejikunja ngumi zote mbili, kama Bibi Edna alivyomwonyesha mkunga.

Sasa agizo la kwanza. Jana mwili wake uliletwa nyumbani ulale chumba cha mbele, kama ilivyo desturi ya mtaa. Asubuhi ya leo Bwana Tuffnell wa mazishi alikuja na vijana wake, wakaenda moja kwa moja kulegeza komeo la mlango wa mbele. Nikamwonyesha karatasi. Alisoma, akavua kofia.

"Bwana Duncan, jeneza hutoka mbele. Huko jikoni halipiti, mlango ni mwembamba."

"Litapita. Mlango utang'olewa."

Nilileta bisibisi za baba. Nilifungua bawaba tatu alizozipiga yeye mwenyewe mwaka 1974, Rosalind akinishikia skrubu, na mlango wa jikoni tukauegemeza kwenye ukuta wa bustani. Jeneza lilipita, likabakiza nafasi ya vidole viwili kila upande. Majirani walikuwa wamejipanga mtaani, upande wa mbele, wakiusubiri mlango mwingine. Ilibidi wakimbilie nyuma.

Karatasi inasema hivi, kwa mwandiko wake: "Nitoeni kwa mlango wa jikoni. Ndio mlango wetu. Derek alikuwa na haki, ila kanuni haikuwa nayo."

Marehemu ameacha watoto wawili, Duncan na Rosalind. Mkwe mmoja, Gwenda. Wajukuu watatu, Imogen, Piers na Tabitha. Kaka yake Bwana Leonard Stubbings, ambaye hakuweza kusafiri. Na watoto wa Shule ya Harstow wa miaka ishirini na sita, waliokubaliwa na waliokataliwa, ambao kila mmoja alipimwa mara mbili kwa uzi ule ule.

Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani. Na ile rufaa ya mwaka 1996, mbele yenu nyote, nimeifuta.