Katapila Likomee Wapi?

Baraza ya duka la Shabbir, pale Fumba njia inapokata kwenda machimbo ya kokoto, haikosi watu baada ya sala ya alasiri. Shabbir mwenyewe anauza misumari na saruji, na kwa vile hafungui mdomo bila ya kuanza na "utafiti unaonesha", wamempa jina la Profesa. Masoud ni Redio. Habari zote anazo, hata zile ambazo hazijatokea. Haroub, fundi wa milango, wanamwita Kadhi kwa kuwa kila ubishi hukatwa naye. Siku hiyo Haroub alipiga funda la kwanza la kahawa, akasita, akatema kiganjani. Ilikuwa chembe ya mchanga mweupe.

– Mkadam, leo kahawa umeitwanga na mawe?

– Kahawa ile ile, Kadhi, alijibu Mkadam muuza kahawa, birika lake la dele mkononi. – Maji ndiyo siyo. Nshayachuja mpaka kitambaa kimechoka. Tangu katapila lisogee upande wa kisima, ukiteka ndoo utadhani umekamua tui.

Wote wakageuza shingo kuelekea mngurumo uliokuwa ukitoka nyuma ya kichaka. Bomba likikauka, mtaa mzima hunywa kisima kile, na bomba lilikuwa limekauka tangu Ijumaa.

– Mie nilisema mapema, akaanza Masoud. – Chini ya Unguja kuna pango moja tu, linaanzia Jozani linatokea hapa. Wamelitoboa. Saa hizi maji yetu yako njiani yanakwenda Dar.

– Utafiti unaonesha hakuna pango, Shabbir akamkata. – Ni mtikisiko. Ardhi inakorogeka na maji kama unga na uji. Mwakani kisima kitaganda, mtu atateka maji kwa patasi.

– Na patasi utauza wewe, alisema Haroub.

– Sasa si biashara? Haba na haba hujaza kibaba.

– Hiyo ya kuweka akiba, Profesa.

– Na hao wachimbaji si wanaweka akiba? Ya mashimo.

Masoud hakukubali kupitwa. – Nyie mnacheka. Jamaa yangu anatembeza wageni msitu wa Jozani, kanambia kima wamemnyang'anya mtalii chupa ya maji, ndizi wakamwachia. Kima anajua kuliko mtu. Na yule jini wa kisima chetu kashahama, kachukua nyumba Fumba Town, ghorofa ya juu, inatazama bahari. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Haroub alicheka mpaka kofia ikamwenda upande, lakini kicheko hakikumshuka vizuri. Nyuma ya nyumba yake lilikuwapo lundo la kokoto za machimbo yale yale, za kumjengea chumba binti yake Nadra. Kila alipolipita lile lundo alilisifu kwa uzuri wake. Hakuwahi kujiuliza limetoka karibu na nini.

Wakati huo akapita Sumaiya, mwalimu aliyehamia juzi kutoka Mpendae, na dumu tupu mkononi.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu.

– Samahani, wazee wangu. Hawa wenye katapila mliwaambia wakomee wapi?

Masoud akachungulia kikombe chake. Shabbir akaona misumari yake inahitaji kupangwa. Kisha wote wakamtazama Kadhi, naye akaweka kikombe chini.

– Hatukuwaambia kitu, alisema. – Tulikaa hapa tu, tukiwasema.

– Na kahawa imekwisha, akaongeza Mkadam. – Dele jengine kwa maji yale sipiki.

Haroub akainuka. – Basi tukawaambie.

Wakaenda wote, Sumaiya na dumu lake. Shimo walilikuta limefika karibu kuliko walivyodhani. Ukisimama ukingoni unaiona kamba ya kisima. Dereva alipowaona alizima mashine, akateremka, akawasikiliza mpaka mwisho.

– Mie nafuata jiwe linakoelekea, alisema. – Hakuna aliyewahi kuniwekea mpaka. Nionesheni basi, niishie wapi?

Masoud akaonesha mti wa mkungu. Shabbir akaonesha kichuguu, kwa sababu utafiti unaonesha. Mkadam akasema ni barabarani kabisa. Sumaiya akasema hilo si la kukisia, aitwe sheha wa mtaa na watu wa maji waje wapime. Wanaume watatu wakaanza kubishana upya, kila mmoja na kidole chake hewani.

Dereva akatia ufunguo mfukoni, akaketi kwenye kivuli cha katapila.

– Mkishapatana niiteni.

Haroub aliwatazama wenziwe, ambao hajapata kuwaona wakikubaliana juu ya jambo lolote, akajitafutia jiwe la kukalia. Mngurumo ulikuwa umekatika; maadamu wanabishana, katapila halichimbi.

– Mwanangu, alimwambia Sumaiya, – mpigie sheha simu. Ila usimhimize sana.