Bi Kibano Aondoka na Saa Yake Mwenyewe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya saa, fundi mkuu anastaafu. Sisi wenzake tunamwita Bi Kibano, kwa kuwa kile kibano chake cha kushikia vipuri hakimtoki mkononi hata akinywa chai.

Alianza kwa kubadilisha betri na mikanda. Mapenzi yake, lakini, yalikuwa kwa saa zisizojua betri: zile za springi, kila moja kazi ya fundi anayejitegemea, anayetoa kumi au kumi na mbili kwa mwaka, kila gurudumu kalipiga tupa kwa mkono wake. Saa ya namna hiyo ikiingia, kazi zote zilisimama. Alifungua mfuniko wa nyuma, akatupitishia lenzi kwa zamu, na ole wako useme "nzuri" bila kueleza uzuri uko wapi! Wakusanyaji wa saa wakasikia, wakaanza kufurika kila Jumamosi.

Siku moja skrubu ndogo kuliko mbegu ya mchicha ilimponyoka. Karakana nzima tulipiga magoti, meneja na suti yake. Tuliitafuta mpaka viuno vikauma, kumbe imenasa kwenye ndevu za meneja. Tangu siku hiyo, bosi ananyoa.

Miaka sita iliyopita, daktari mmoja wa upasuaji, mkusanyaji wa siku nyingi, alileta saa iliyosimama. Aliyeitengeneza alishafariki, na za aina yake ziko tisa tu duniani. Mafundi wawili walikuwa wamemshauri aifanye pambo la kabatini. Bi Kibano aliikagua siku tatu, akagundua umevunjika mhimili wa gurudumu linaloipa saa mapigo. Daktari akasema utiwe hata wa kiwandani, mradi saa iende.

"Itakwenda, Daktari," alimjibu, "lakini haitakuwa tena saa ya yule marehemu."

Akauchonga mwenyewe. Wa kwanza ulikatika. Wa pili, wa tatu na wa nne ikatupwa. Wa tano ukakaa, saa ikaanza kupiga, na daktari, mtu mzima mwenye wajukuu, akarukaruka mpaka vikombe vikatikisika!

Kumbe kazi ile ilimwasha moto. Tangu wiki hiyo, kila jioni alibaki mezani akichonga saa yake mwenyewe, kipuri kwa kipuri. Jumamosi iliyopita aliiweka mbele ya wakusanyaji. Daktari akaigeuza, akaitazama kwa lenzi, akasahau kupumua.

"Fundi, hii unaniuzia lini?"

"Hiyo ina mwenyewe. Yako subiri mwakani."

Akaifunga mkononi mwa mumewe aliyekuwa kando yake, mwalimu aliyekula chakula kilichopoa miaka sita bila kununa. Mwalimu akaiweka sikioni aisikilize ikipiga. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka!

Kwa hiyo anayestaafu ni mfanyakazi wetu tu. Fundi ndiyo kwanza anaanza. Watu saba wameshajiandikisha kungojea saa zake, meneja akiwa wa tatu.

Asante, Bi Kibano, kwa kutufundisha kutazama. Mkono wako usitetemeke, jicho lako lisichoke, na nyumba yako ijae furaha. Nawe ukifika kwa mteja wa nane, ujue ni mimi niliyeandika haya.