Tanki Lililozimwa Nyumbani kwa Leonia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, shikamoo, na karibu Bangwe. Sisi kina mama wa mtaa huu tumefurahi kukuona, ingawa gari lako limepita kwanza kwa wakimbizi. Hatuna wivu. Tumeona tu.

HISTORIA

Mwaka jana, 1996, wakimbizi walipozidi kushuka ufukweni, shirika moja lilipanga nyumba ya mwenzetu Leonia, wazazi wanaotoka kujifungua hospitali wapumzike humo kabla ya kupelekwa kambini. Likafunga tanki la umeme la kupashia maji na bomba la manyunyu. Leonia akahamia chumba cha uani na mama yake, Bibi Marcelina. Kila asubuhi alisikia wageni wakicheka bafuni mwake, na kicheko kile kilimchoma.

“Mimi nimezaa sita, nimekandwa kwa maji ya sufuria na kuni za kujitafutia,” alituambia. “Leo aliyekuja jana ananyunyiziwa!”

Tulimwitikia, tena kwa sauti.

MAFANIKIO

Leonia alizima swichi. Tanki likakaa siku nyingi na vuguvugu la joto la mchana tu, na vicheko vikakoma. Sisi tuliyaita hayo mafanikio.

Ritha, mmoja wa wazazi wale wakimbizi, kutoka Uvira, aliyagusa maji akakataa. “Hii maji haina moto, haiwezi kanda mutu,” alisema, akawasha kuni uani na kuwakanda wenzake. Leonia naye aliona vuguvugu lile linamfaa mzee. Akamwingiza mama yake chini ya manyunyu kwa siri.

CHANGAMOTO

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bibi Marcelina alishikwa na homa, kikohozi na pumzi za kubana, akalazwa hospitali. Daktari alitueleza kwamba maji ya tanki yakikaa vuguvugu, vijidudu huzaliana humo. Manyunyu hurusha matone madogo, mtu akayavuta hadi mapafuni, na wazee ndio huumia zaidi. Tanki lililozimwa muda mrefu lipate kwanza moto mkali, na mabomba yasafishwe kwa maji hayo kabla mtu hajaoga. Sisi tulidhani ubaya wa kuzima ni baridi tu.

MAOMBI

Tunaomba tanki kama hilo kwenye zahanati yetu, maana hata sisi tunazaa.

Lakini ombi kubwa ni hili. Bibi Marcelina amerudi nyumbani, bado dhaifu, na Ritha ndiye anayemkanda. Leonia alipojaribu, mama yake aliusukuma mkono wake: “Acha. Mikono yako ina hasira. Niitie Ritha.” Leonia alitoka nje akalia kwa wivu, wala hakuficha.

Sasa gari la kambini linamsubiri Ritha hapo barabarani, na kibali cha kumbakiza ni chako. Tunaomba abaki na mwanawe mpaka bibi asimame. Leonia ndiye aliyetutuma. Alikataa kuja kukuomba mwenyewe, lakini hata kabla hujajibu, tayari yuko ndani anafungua mizigo ya Ritha.

Mola akupe afya, na waliokuzaa wasikose wa kuwakanda.

Ni sisi,
Umoja wa Kina Mama Jirani, Bangwe.