Sindano Niliyompiga Ngamia wa Mzee Gidabasi

Nawasalimu, ndugu zangu, katika jina la Bwana aliyenifungua kinywa.

Wiki mbili nilikosa usingizi kwa swali moja: ni ugonjwa uliomuua ngamia wa Mzee Gidabasi, au ni mimi?

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Masakta. Nilimaliza chuo cha mifugo, nikapangiwa kazi kijiji cha Getanuwas. Mashamba ya ngano yalikuwa yamebana malisho, ng'ombe wakapungua, ndipo mradi wa kanisa ukampa mzee ngamia wawili majike. Mmoja akashikwa na homa ya kuja na kuondoka. Akakonda, nundu ikalala, ufizi ukawa mweupe. Nilipima damu kwa hadubini, nikaona vijidudu vinachezacheza. Huku kwetu kila mfugaji anaijua sindano ya ng'ombe ya ndorobo, ugonjwa wa mbung'o. Nikampiga hiyo, kwa kipimo cha fahali. Akatetemeka, akatokwa na mate, akafa.

"Ugonjwa ulishakomaa," nilimwambia mzee. Akanishukuru.

Baadaye nikafungua daftari langu la chuo. Nilikuwa nimeandika mwenyewe: dawa hii ni sumu kwa ngamia. Nikajitetea. Labda angekufa tu. Labda niliandika vibaya. Nilisali, ndugu zangu, lakini niliomba nisigundulike.

Kisha ngamia wa pili, mwenye mimba, akapata homa ileile. Nikasikia mzee amenunua dawa ileile mnadani. Nilimwomba Bwana nguvu, nikaenda kabla sijaanza kufikiri tena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana mifugo. Umechelewa, leo daktari ni mimi." Bomba la sindano lilikuwa limejaa dawa mkononi mwake.

"Usimpige, mzee. Dawa hiyo ndiyo iliyomuua wa kwanza. Nilikosea, tena nikakudanganya."

Alinitazama. "Kwa hiyo uliniulia ngamia, kisha ukanipa pole?"

"Ndiyo, mzee."

Akaimwaga dawa chini. "Na huyu atatibiwa na nini? Maneno yako?"

"Ipo dawa ya ngamia. Naifuata Arusha mwenyewe."

"Nenda. Usirudi mikono mitupu."

Nilidandia lori la ngano siku hiyohiyo. Namshukuru Mungu, dawa niliipata, na jike yule anasimama. Hata angekufa, ningeshuhudia hivihivi, maana mimi nilifunguliwa pale nilipotamka. Ndugu yangu, kama kuna neno unalificha, mtumaini Yeye, ukamwambie mwenye mali leo.