Jeremiah Ombati na Kipande cha Kumi na Tatu

Wapendwa mliokusanyika hapa Al Wukair, nje kidogo ya Doha, mimi Levis, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake kabla hajasafirishwa nyumbani, nanyi mnivumilie, kwa sababu sehemu moja aliiandika mwenyewe kitandani akaniapisha nisiiruke.

Jeremiah Ombati Nyaundi alizaliwa tarehe 6 Mei 1980 huko Nyamache, Kisii, mtoto wa tatu wa Mzee Nyaundi na Mama Peninah, akamaliza shule ya msingi mwaka 1994 na sekondari mwaka 1998, na mama hakuacha kutuchekesha kwamba mtoto aliyekimbizwa kwa kiboko ndipo aoge ndiye aliyekuja kulipwa mshahara kwa kukaa majini.

Alijiunga na jeshi la wanamaji mwaka 2000, akafunzwa upigaji mbizi kule Mtongwe, tarehe 10 Desemba 2005 akafunga ndoa na Nyaboke, anayetusikiliza sasa kwa simu, wakajaliwa Bella na Ronny, na mwaka 2014 akaacha jeshi, akaja Doha kufanya kazi katika kampuni inayokagua meli chini ya maji.

Vita vya huku baharini viliposogea karibu na Doha, wapiga mbizi wa adui walianza kubandika mabomu ya sumaku kwenye matumbo ya meli, ikawa kazi ya Jeremiah kuyatafuta kwa kupapasa, maana katika tope lile huoni hata kidole chako, naye akayapata manne, watu wakamwita shujaa, wala hakukataa.

Tarehe 17 Februari 2024 alikagua meli ya mafuta ambayo mchoro wake ulionyesha upande wa kushoto vipande kumi na viwili vya zinki, vile vinavyofungwa kuzuia kutu, lakini mkono wake ukahesabu kumi na tatu. Ameandika kwamba mafundi huongeza kipande wasirekebishe mchoro, alishayaona hayo mara nyingi, hewa ilikuwa inamwishia, nayo ilikuwa meli ya tatu siku hiyo, basi akapanda juu akaandika kumi na viwili, meli ni salama.

Kesho yake saa nne asubuhi kile kipande kililipuka, maji yakaingia, na mpishi wa meli, Philipo, ndugu yetu kutoka Uganda, akafia katika stoo ya chakula. Ni Jeremiah aliyezama kumtoa, na mjane wa Philipo, Scovia, anayefanya kazi za nyumbani Al Rayyan, akampigia magoti kumshukuru, akamwita kaka tangu siku hiyo. Jamani, mwanamume aliyeshuka mita arobaini bila kutetemeka alishindwa kutamka sentensi moja, mara tatu alifika kwenye geti la nyumba ile ya Al Rayyan amejiandaa kusema, na mara tatu akaishia kumuuliza Scovia mtoto wake Fiona anaendeleaje shuleni.

Agosti 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akalazwa, na kila Ijumaa, siku yake ya pekee ya mapumziko, Scovia alimletea uji wa mtama akamnywesha kwa kijiko, naye alikuwa akimeza huku machozi yanamtoka, sisi tukidhani ni maumivu. Alifariki tarehe 3 Februari 2026.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Al Wukair waliotupikia wiki nzima, na wenzake kazini wakiongozwa na Kawira, ambao hawakumwacha hata siku moja.

Na wewe dada Scovia, uliyeketi hapo mbele kwa sababu sisi ndio tuliokuketisha, tunakushukuru kwa uji ule, na tunaona aibu kukushukuru, maana uliulisha mkono ulioandika meli ni salama, na mwenye mkono alijua. Maji yakimwagika hayazoleki. Hatukuombi msamaha leo, si haki kumwomba mtu kitu kama hicho mbele ya jeneza na macho ya watu, ukitaka kubaki baki, ukitaka kuondoka tutakupisha njia, na hakuna wa kukunyooshea kidole.

Kaka, nimeisoma yote. Pumzika kwa amani, kama dada huyu atakuruhusu.