Puto la Manase

Mimi sihadithiwi. Nilikuwepo, na kikombe mkononi kilikuwa bado cha moto. Ilikuwa miaka ile soko huria limetuletea mitumba na simu za mkononi. Manase alifika kijiweni Sekei, kwenye benchi la Najim muuza kahawa, uso na mkono wa kulia vimemvimba. Mshipa mkubwa wa kifuani, unaorudisha damu moyoni, ulikuwa umeziba. Daktari wa Nairobi alimpa njia mbili: apasuliwe kifua, damu itengenezewe njia ya pembeni, au apitishiwe mrija mwembamba kuanzia juu ya paja mpaka penye kizibo, kisha kiputo kilicho nchani mwa mrija kijazwe kuupanua mshipa. Jibu lilitakiwa kesho yake. Manase alijikaza kiume, lakini akiinama tu kufunga viatu macho yanaingia giza, na alitamani mtu amwamulie.

– Chukua puto, alisema Jamaldini fundi pancha, tunayemwita Presha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mrija ndio mgeni wenyewe.

– Wakilijaza kupita kiasi? aliuliza Manase.

– Utapaa kidogo. Tutakudaka ukifika Moshi.

Mzee Aminieli wa kamati ya mfereji kule mlimani, ambaye kijiweni tunamwita Bwana Maji, aliweka kikombe chini.

– Mfereji ukiziba huchokonoi na fimbo, Manase. Unachimba mwingine pembeni. Ila wa bondeni wakubali kwanza.

– Wa bondeni nani, mzee?

– Moyo. Halafu njia mpya itapita shamba la pafu. Pafu lipelekewe debe la pombe ya mbege.

– Mimi sinywi, mzee.

– Wewe hunywi. Pafu umeliuliza?

– Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Najim. Huyu kaziba ufa, ona sasa.

– Puto, Presha alikazia. Mshipa ukiziba tena wanaupanua tena. Mwaka wa tatu humo inapita pikipiki.

Manase alicheka, akaacha haraka. Kicheko kilimjaa kichwani.

Ikapigwa kura. Puto mbili, kisu mbili, maana Aminieli alinyoosha na mkono wa pili kwa niaba ya pafu. Mimi nilikuwa na kashata mdomoni.

Hapo akatokea Magreth, mke wa Manase.

– Shikamoo, mzee. Habari za hapa, shemeji zangu?

– Marahaba, mama. Tunamtibu mumeo.

– Nimewasikia toka kule kona. Puto ndilo analolitaka, namjua. Lakini daktari alisema kwa puto mshipa unaweza kuziba tena ghafla. Siku hiyo mimi niko shambani Kikatiti. Nani kati yenu atampeleka Nairobi?

Najim alitikisa birika. Presha alikagua kucha zake. Manase hakumtazama mtu.

– Mimi, alisema Aminieli.

– Basi puto, alisema Manase, akanyanyuka na mkewe.

Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, hata pafu likipigiwa kura. Ila lile “mimi” la Aminieli nimelitia mwenyewe, na “basi puto” la Manase pia. Benchi zima hakuna aliyesema “mimi”. Manase alingoja kidogo, kisha akanyanyuka, akaenda.